Mheshimiwa, na Nani?



Hafla za kwetu Tanzania huanza kwa namna moja. Msemaji anashika kipaza sauti, anatazama meza kuu kutoka upande huu hadi upande ule, kisha anaanza kutaja: Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mstahiki Meya. Akiona muda umemwishia, au akiogopa kumruka mtu atakayenuna, anasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Nimewahi kuhudhuria hafla ambayo utajaji huo ulikuwa mrefu kuliko hotuba yenyewe. Watoto waliokuja kusoma ngonjera walikuwa wamesimama juani muda wote huo, viatu vimefutwa vumbi tangu alfajiri, na hakuna aliyewataja. Wale watoto ndio walionifanya niliandalie neno hili mhadhara mzima.

Neno lenyewe ni heshima, na hasa mtoto wake mkubwa, mheshimiwa.

Nianze na sarufi, maana sarufi haijui kujipendekeza. Kitenzi ni heshimu. Kitie katika kauli ya kutendwa, unapata heshimiwa. Kipe kiambishi cha mtu, unapata mheshimiwa, yaani mtu anayeheshimiwa. Sasa liweke neno hilo karibu na wenzake wa umbo lile lile: mshtakiwa, mtuhumiwa, mfiwa. Hakuna mshtakiwa pasipo mshtaki. Hakuna mfiwa pasipo marehemu. Kila neno la umbo hili lina mtu wa pili nyuma yake, mtenda, hata kama hatajwi. Basi tukisikia mheshimiwa, haki ya lugha ni kuuliza: anayeheshimiwa na nani? Kwa tendo gani? Tangu lini?

Mtu anayejitambulisha kwenye simu, "Hapa unaongea na Mheshimiwa fulani," amejichukulia kazi ambayo lugha iliwapa wengine. Ni kama mtu kusimama mahakamani akajishtaki, akajisomea hati ya mashtaka, akajihukumu. Mstahiki ni jambo jingine: hilo ni neno la kauli ya kutenda, lenye maana ya mtu anayestahiki, nalo linatoa madai yanayoweza kupimwa. Meya anastahiki au hastahiki, tazama mitaro ya jiji lake utajua. Mheshimiwa halitoi madai juu ya mtu mwenyewe. Linatoa habari ya watu wengine, kwamba wao wanamheshimu.

Kiswahili kina umbo la tatu ambalo tunalipita bila kulitazama, nalo ni kuheshimika. Mtaani kwetu yuko fundi cherehani anayeheshimika. Ukimpelekea kitambaa, kikabaki kipande, hata kiwe cha kutosha kofia ya mtoto tu, anakikunja na kukifunga pamoja na nguo yako. Hajapata kuitwa mheshimiwa hata siku moja. Lakini ukitokea ugomvi wa mpaka wa ua, au mwari anaposwa na wazee hawaelewani, wanatuma mtoto kwenda kumwita. Kuheshimika ni sifa iliyo ndani ya mtu mwenyewe. Kuheshimiwa ni jambo analofanyiwa na wenzake. Siku njema ni ile ambayo mambo haya mawili yanakutana kwa mtu mmoja, na zamani watu wa pwani walihangaika sana yakutane.

Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu. Kwao hishma ni haya, staha, ile hali ya mtu kujizuia asifanye la aibu. Sisi hatukuiacha maana hiyo: nguo ya heshima, kaa kwa heshima, mtu anayejiheshimu, yote hayo ni habari ya kujizuia. Lakini juu yake tukaweka maana ya pili, ile ya kupewa na watu: kumpa mtu heshima, kumwekea heshima, kumvunjia heshima. Naona kuna busara kubwa katika kuziweka maana hizo mbili ndani ya neno moja. Mswahili alikuwa anasema kwamba heshima unayopewa na watu inatokana na haya uliyonayo wewe. Haya ikiondoka, watu wanaondoka nayo. Hata Mhashamu, jina wanaloitwa maaskofu wa Kanisa Katoliki, limechipuka katika mzizi huo huo.

Tena sikilizeni jinsi tunavyosema: "mtu mzima na heshima zake." Zake, kwa wingi, kana kwamba heshima ni vitu vinavyoweza kuhesabiwa, kimoja alipewa na jirani, kingine na mkwe, kingine na mwanafunzi wake wa madrasa, akavikusanya mpaka vikamtosha.

Ukiacha heshima kuna cheo. Hilo ni neno letu wenyewe, na maana yake ya kwanza ni kipimo. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alianza na kipimo na ukubwa wa kitu kabla ya kufika kwenye nafasi ya mtu katika watu. Mlango una cheo chake, mguu una cheo chake, na fundi wa makubadhi asipochukua cheo vizuri utatembea na malengelenge. Mwenye cheo, basi, ni mtu aliyepimwa. TANU ilipowafunga wanachama wake kwa ahadi, moja ilikuwa kwamba cheo ni dhamana, na mwanachama hatakitumia kwa faida yake. Dhamana ni kitu unachoshikishwa ukirudishe. Vizazi viwili vya Watanzania vilikariri ahadi ile shuleni na mikutanoni, na sijui kama tuliwahi kuisikia kwa masikio ya lugha: kipimo ambacho umeshikishwa, si mali yako.

Lakini kabla ya mheshimiwa, kabla ya TANU, pwani ilikuwa na neno kubwa zaidi kuliko yote, nalo ni muungwana. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa pana uchungu.

Muungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na watu huru, mwenye nyumba, mwenye ukoo unaojulikana. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Hatuwezi kulisifu neno hilo bila kukiri hivyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, anatuonyesha mji ambamo namna ya kusalimia, ya kuketi, ya kuvaa na ya kula ilisema wewe ni nani kabla hujafungua mdomo. Huko Pate na Lamu yalikuwepo masiwa, mabaragumu makubwa ya heshima, la Pate la pembe ya ndovu na la Lamu la shaba, na haikuwa kila arusi iliyopulizwa siwa. Mtumwa alivaa kaniki, au merikani, kitambaa kile kisichotiwa rangi kilichokuja na meli za Wamarekani. Kanzu na kofia, kwa mwanamume, na ushungi kwa mwanamke, vilikuwa mpaka.

Na watu wakauvuka mpaka ule. Hilo ndilo linalonivutia. Katika karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na Manyema, wapagazi na askari wake walijiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Wazungu kama Stanley wakaliandika jina hilo vitabuni mwao: Wangwana. Mtu aliyekuwa hana jina Unguja alivuka Ruvu, akapanda milima ya Usagara, akafika Maziwa Makuu akiwa muungwana: anajua Kiswahili, anavaa nguo za pwani, anajua kusali. Mpaka leo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina jina la Kingwana, na jina hilo limetokana na watu wale. Mabwana wao pwani hawakuwapa cheo hicho. Walijipa kwa mwendo wao, na waliokutana nao njiani wakakubali.

Aprili 1897, sultani wa Zanzibar alitangaza amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Sheria ilibadilika kwa siku moja, lakini macho ya watu hayakubadilika nayo. Ndipo nguo zikafanya kazi ambayo karatasi ya sultani haikuweza kuifanya. Wanawake waliokuwa wamefungwa kaniki wakafunga kanga, pea kwa pea, kwa rangi na maua. Baadaye wakavaa buibui, vazi lililokuwa la wanawake wa kitajiri. Mwanamke akipita Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Unguja, na kanga mpya iliyonyooka, yenye ile sauti ya kitambaa ambacho hakijafuliwa bado, alikuwa anaeleza habari ndefu: mimi si wa mtu.

Na hapa namleta binti mmoja wa Fumba. Alizaliwa mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Fikirini mzazi anamwita mwanawe Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu mjini, akivinadi kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyomfungulia njia. Akajifunza kuimba na kusoma Kurani, akaingia katika taarabu wakati taarabu ilikuwa ya kumbi za wakubwa, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mji ukamvua jina la kwanza ukamvika jingine: Siti, yaani bibi mwenye heshima. Siti binti Saad. Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akauandika wasifu wake. Kutoka Mtumwa hadi Siti, bila uteuzi, bila uchaguzi, bila gazeti la serikali. Watu walimsikia, wakampa. Kama mwanafunzi ataniuliza maana ya kuheshimiwa katika historia ya nchi hii, nitamwonyesha maisha ya binti huyo.

Ndipo uungwana nao ukabadilika maana. Leo tukisema "fulani ni muungwana" hatuulizi ukoo wake. Tunasema ana adabu, ana subira, haropoki. Methali inasema uungwana ni vitendo. Nyingine inasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Angalieni methali hiyo ya pili inavyomtazama mtu kwa karibu: mtu aliyekuwa na kanzu, kilemba na jambia, sasa hana kitu mwilini, na bado kuna namna moja aliyobakiwa nayo ya kuonyesha yeye ni nani. Anachuchumaa, anajisitiri, hapigi kelele.

Vyeo vya zamani vya pwani havikufa vyote. Diwani alikuwa mkubwa wa miji ya Mrima. Leo ni mwakilishi wa kata anayepigiwa kura. Sheha wa leo huko Zanzibar anaongoza shehia yake chini ya serikali, na jina lake ni la zamani sana. Jumbe na akida wao walipita njia mbaya. Wajerumani waliwachukua, wakawapa kazi ya kukusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba ya lazima, na Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 maakida walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa. Jina lilikuwa lile lile la heshima. Lakini mpaji alikuwa amebadilika: cheo kilitoka bomani, hakikutoka tena kwa watu, na watu wakajua.

Sasa tufike kwetu.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, nchi hii ilijaribu jambo ambalo si nchi nyingi zimejaribu. Iliamua kwamba kila mtu ataitwa Ndugu. Ndugu Waziri, Ndugu Katibu Kata, Ndugu Mwananchi. Hata bungeni lilisikika "Ndugu Spika". Rais mwenyewe aliitwa Mwalimu, jina la kazi aliyokuwa akiifanya Pugu kabla ya kuiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Mwalimu ni neno la mtenda. Linasema anachofanya mtu, halisemi anachofanyiwa. Azimio lile lile lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Jina na masharti vilikwenda pamoja, na ndiyo maana jina lilikuwa na uzito.

Wako wanaosema Ndugu lilikuwa neno la kulazimishwa, lililotoka juu, na kwamba watu walisema Ndugu mdomoni huku wakitetemeka magotini. Kuna ukweli katika hilo. Udugu wa kuagizwa haudumu kirahisi kama ule wa tumbo moja. Lakini nakataa kwamba lilikuwa bure. Mkulima aliyeandika barua kwa afisa wa mkoa akaanza na "Ndugu" alikuwa ameshika kalamu akiwa amesimama wima, na nimeona barua za namna hiyo, zenye mwandiko wa elimu ya watu wazima, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, na hoja imenyooka kama rula.

Kisha mwaka 1991 likaja lile linaloitwa Azimio la Zanzibar, masharti ya uongozi yakalegezwa. Mwaka 1992 vikaja vyama vingi. Katika miaka hiyo hiyo Mheshimiwa akarudi, na akarudi kwa kishindo. Sivilaumu vyama vingi. Ninachokiona ni kwamba masharti yalipoondoka, jina la masharti nalo liliondoka, likaja jina lisilomdai mtu kitu. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbele zaidi: katika miaka 24 ya Daniel arap Moi, redio ilimtaja kila siku kama Mtukufu Rais, neno ambalo kwingine tunalitumia kwa Ramadhani na kwa msahafu.

Leo neno Mheshimiwa limeenea mno. Limefupishwa kuwa Mhe. na kuchapwa kwenye mabango ya wagombea ambao hawajapigiwa hata kura moja. Mbunge aliyeshindwa miaka kumi iliyopita bado ni mheshimiwa, kana kwamba wapiga kura wa jimbo lake hawakusema kitu. Dereva wa bodaboda anamwita abiria mheshimiwa ili amlipe vizuri. Siku hizi limeongezeka na kuheshimisha: kiongozi ameheshimisha jimbo, ameheshimisha taifa. Hapo mtiririko umegeuzwa kabisa. Zamani watu walimpa kiongozi heshima. Sasa kiongozi ndiye anayewapa watu, na wanatakiwa wamshukuru.

Wazee wetu walikuwa na jina la heshima ya namna hii: kilemba cha ukoka. Kilemba cha kweli kilikuwa kitambaa, na pia kilikuwa malipo ya shukrani, kama yale mwanafunzi anayompa fundi wake siku anapohitimu. Kilemba cha ukoka kimesokotwa kwa majani. Kikiwa kibichi kinapendeza kwa mbali. Jua likipanda kinakauka na kumwagikia mabegani mwa aliyevaa.

Nitasimulia jambo moja nililoliona, na ofisi yenyewe sitaitaja. Tulikuwa kwenye foleni, watu kama 20 hivi. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja mwenye mkoba wa ukindu, na ndani ya mkoba kulikuwa na bahasha ya karatasi za mirathi ya mumewe aliyoifunga kwa mfuko wa plastiki mara mbili, mvua isije ikaziharibu. Alikuwa amefika kabla ya mlango kufunguliwa. Akaingia mtu mwenye suti, karani akasimama. "Mheshimiwa, karibu, pita huku." Akapita. Bibi alipofika dirishani saa nzima baadaye, karani hakuinua macho. Akasema: "Wewe, leta." Wewe, kwa mwanamke wa umri wa bibi yake mzaa mama. Hakuna aliyemwambia shikamoo. Karani yule hakukosa adabu kwa kutojua. Saa moja kabla alikuwa ametuonyesha kwamba anaijua vizuri sana. Alikuwa ameitumia yote kwa mtu mmoja.

Huo ndio uharibifu ninaouona. Heshima tumeigeuza posho ya cheo, tukawanyima wale ambao kwa mila zetu ndio wa kwanza kuipata: mwenye umri, mgeni, mfiwa, mwenye kazi ngumu.

Wala siyo mila peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 12, sehemu iliyoingizwa mwaka 1984 pamoja na haki nyingine za msingi, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa utu wake. Kila mtu, na neno lililotumika ni lile lile, heshima. Kwa hiyo mbele ya sheria kuu ya nchi, yule bibi mwenye mkoba wa ukindu ni mheshimiwa kamili, na karani yule alikuwa anavunja katiba kwa neno moja la silabi mbili.

Na liko tukio moja ambalo sote bado tunalifanya sawasawa. Mshereheshaji wa msiba anatangaza kwamba sasa ni wakati wa kutoa heshima za mwisho. Watu wanapanga mstari. Waziri anapita, mpishi wa msiba anapita akiwa bado na majivu mikononi, mtoto anainuliwa aone. Aliyelala pale huenda alikuwa mchuuzi wa samaki. Hakuna anayeuliza cheo chake, na kila anayepita anajua kwamba yeye ndiye mpaji.

Sidai Mheshimiwa afutwe. Bunge lina desturi zake, mahakama zina zake, na namna ya kusemezana inaweza kuzuia watu kurushiana viti. Nina maombi machache tu, na nayatoa kwa watu wa kazi. Waandishi wa habari: andikeni jina la mtu na kazi yake, na hiyo Mhe. muiache mpaka kura zihesabiwe, na zikihesabiwa akashindwa, muiondoe. Walimu: siku ya hafla shuleni, wapeni watoto kivuli kwanza, kisha mtaje meza kuu. Washereheshaji: mkimaliza itifaki ya wakubwa, mtajeni kwa jina aliyepika chakula. Na nyinyi mnaokaa nyuma ya madirisha ya ofisi za umma, ambao wengi wenu mmekuwa wanafunzi wangu, mama akifika mwiteni Mama, bibi akifika mwambieni shikamoo, msubiri aitike marahaba, ndipo mpokee karatasi zake.